Kukinga Msingi wa Nyumba Mpya Dhidi ya Unyevu wa Ardhi: Mwongozo kwa Mjenzi wa Mugutha

Unyevu unaopanda kutoka ardhini ni kasoro ya nyumba inayozuilika kwa gharama ndogo kabla zege la sakafu halijamwagwa, lakini baada ya hapo haiondoki ila kwa kubomoa plasta, kung'oa vigae na pengine kukata kuta, kwa sababu kinga yake yote hulala mahali ambapo jicho halifiki tena. Katika Mugutha na maeneo jirani ya Ruiru, Juja na Thika, ambako mashamba makubwa ya zamani yameendelea kugawanywa kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100, hasa tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka wa 2012, familia nyingi hujenga nyumba yao ya kwanza kwa akiba ya miaka mingi, na nyumba hiyo hupaswa kuwafaa wajukuu pia.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuukinga msingi wa nyumba ya kawaida ya mawe dhidi ya maji ya ardhini, kuanzia uchunguzi wa kiwanja hadi ukaguzi wa sakafu iliyokauka. Msingi haukingwi kwa bidhaa moja inayonunuliwa dukani. Hukingwa kwa mfuatano wa hatua ambamo maji huondolewa kwanza karibu na nyumba, kisha njia zake za kupanda hukatwa, na mwisho mkato huo hulindwa usivukwe, wakati wa ujenzi na hata baada ya watu kuhamia.

Jinsi maji yanavyoingia

Maji huufikia msingi kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake. Njia ya kwanza ni mfyonzo wa vitundu, ambao wataalamu huuita kapilari: maji yakikutana na kitundu chembamba ndani ya udongo, jiwe au zege, hujivuta yenyewe kwenda juu, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo maji yanavyopanda zaidi, kiasi kwamba kitundu chenye kipenyo cha milimita 1 huyainua maji karibu milimita 30, cha sehemu ya kumi ya milimita huyainua karibu milimita 300, na cha sehemu ya mia ya milimita kinaweza kuyainua karibu mita 3. Udongo wa mfinyanzi umejaa vitundu vyembamba mno, na ndiyo maana unaweza kuulowesha msingi hata pale ambapo hakuna dimbwi linaloonekana; mawe makubwa yaliyovunjwa, kwa upande mwingine, huacha nafasi pana ambamo maji hayawezi kujivuta, na kwa sababu hiyo tabaka la mawe hayo chini ya sakafu ni kinga yenyewe, mbali na kuwa kifusi cha kujazia.

Njia ya pili ni msukumo wa maji yaliyosimama. Maji yakikusanyika kando ya ukuta uliozikwa, huusukuma kwa uzito wake, na kila mita moja ya kina cha maji huleta mzigo unaokaribia tani moja kwa kila mita mraba chini kabisa ya ukuta huo, hivyo ufa mdogo ambao usingepitisha chochote wakati wa kiangazi hugeuka kuwa mlango wakati wa masika. Njia ya tatu ni mvuke, yaani maji katika hali ya gesi, ambao hupenya hata katika zege linaloonekana kavu na kukusanyika chini ya vigae, zulia au sakafu ya mbao inayozuia usitoke.

Madhara yake hutambulika kwa urahisi. Maji yanayopanda ukutani hubeba chumvi zilizoyeyuka kutoka katika udongo na katika saruji, na yanapofika usoni mwa ukuta hukauka na kuziacha chumvi hizo zikiganda kwa ungaunga mweupe. Chumvi ikiganda ndani ya plasta hutanuka na kuivunja kidogo kidogo, rangi hubanduka, na alama ya unyevu husimama kwa mstari usio sawa, mara nyingi chini ya kimo cha mita moja kutoka sakafuni. Jiwe la Ndarugu linalokatwa kwa mashine katika machimbo ya eneo la Juja, ambalo ndilo hutumiwa sana kwa nyumba za ukanda huu, limetokana na majivu ya volkano yaliyoshikamana, na vitundu vyake vingi hulifanya liwe jepesi kuchonga lakini pia liwe tayari kufyonza maji likiachwa liguse udongo bila kinga.

Udongo wa ukanda wa Ruiru na Thika

Sehemu za juu za Kiambu zina udongo mwekundu wa kina kirefu unaopitisha maji vizuri, na hiyo ni moja ya sababu zilizoifanya kahawa istawi huko. Kadiri mtu anavyoshuka kuelekea Juja na Thika, udongo huo hupungua na kuchanganyika na mabonde yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoitwa udongo mweusi wa pamba, ambao mara nyingi umekaa juu ya murramu au mwamba mgumu wa volkano ulio karibu na uso wa ardhi. Hivyo jirani wawili wa Mugutha wanaweza kuwa na misingi yenye mahitaji tofauti kabisa, na hata kiwanja kimoja kinaweza kuwa chekundu upande wa barabara na cheusi upande wa nyuma.

Udongo mweusi una tabia mbili zinazomhusu mjenzi. Kwanza, hutanuka unapolowa na kusinyaa unapokauka, kwa sababu chembe zake huyanyonya maji kati ya matabaka yake membamba. Ndiyo maana mwezi wa Februari hupasuka nyufa ambazo mkono unaweza kuingia, na mwezi wa Aprili huwa tope zito linaloganda kwenye viatu. Msingi uliokalia udongo huo huinuliwa na kushushwa mwaka baada ya mwaka, kuta hupasuka, na nyufa hizo huukata utando wowote wa kuzuia maji uliotandazwa kwa uangalifu. Pili, udongo huo ukishalowa hupitisha maji kwa shida sana, na mwamba ulio chini yake huyazuia yasizame, kwa hiyo mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba huacha maji yamekwama juu ya mwamba, futi chache tu chini ya nyasi. Maji hayo yaliyokwama, wala si maji ya kisima yaliyo chini sana, ndiyo adui wa kawaida wa msingi katika eneo hili.

Kuchunguza kiwanja kabla ya kuchora msingi

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mitambo. Inapasa kuchimbwa mashimo mawili au matatu katika pembe tofauti za mahali nyumba itakaposimama, yenye kina cha kufika kwenye murramu ngumu au mwamba, kisha kuandika unene wa kila tabaka na kuyaacha mashimo hayo yamefunikwa kwa usalama kwa siku kadhaa baada ya mvua, ili kuona kama maji yanachuruzika ndani na yanasimama kwa kimo gani. Shimo lililochimbwa Februari likakutwa kavu halithibitishi chochote kuhusu Aprili, na mnunuzi wa kiwanja anayeweza kusubiri afanye uchunguzi huo msimu wa mvua, au angalau awaulize majirani wa muda mrefu maji huelekea wapi mvua inaponyesha usiku kucha.

Matokeo ya mashimo hayo yapelekwe kwa mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua kina na aina ya msingi. Udongo mweusi ukiwa mwembamba, kawaida huondolewa wote chini ya nyumba hadi kwenye tabaka gumu. Ukiwa wa kina kirefu, mhandisi anaweza kuchagua msingi wa bamba moja la zege lenye vyuma linalobeba nyumba nzima, au nguzo zinazoshuka hadi kwenye mwamba. Michoro hupitishwa na Serikali ya Kaunti ya Kiambu, na mradi husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, na hatua hizo zina faida kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwani kinga ya unyevu iliyochorwa na kuandikwa vipimo katika mchoro inaweza kudaiwa kwa fundi, ilhali iliyoachwa kwa mazoea haina wa kuulizwa.

Kuyaondoa maji kabla ya kuyazuia

Hakuna utando unaoweza kuvumilia daima kazi ambayo mteremko mzuri wa ardhi ungeifanya bila malipo. Sakafu ya nyumba inapasa kuinuliwa juu ya ardhi iliyoizunguka, isipungue milimita 150 na ikiwezekana iwe 300 au zaidi katika udongo mweusi, na ardhi yenyewe iteremke kutoka ukutani kwa angalau milimita 150 ndani ya mita 3 za mwanzo pande zote. Kiwanja kilicho chini ya barabara au chini ya kiwanja cha jirani kinahitaji mfereji wa kuyakatiza maji upande wa juu kabla hayajaifikia nyumba.

Mvua ya paa nayo ihesabiwe mapema. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji, kwa hiyo paa la mita mraba 100 likinyeshewa milimita 50 katika usiku mmoja wa Aprili humwaga lita 5,000, nazo zikidondoka moja kwa moja kando ya ukuta huulowesha msingi kuliko mvua iliyoanguka uani kote. Gata zenye mteremko, mabomba ya kushushia maji, na tangi lenye njia ya kutolea maji ya ziada mbali na nyumba ni sehemu ya kinga ya msingi, na zinapaswa kufungwa mara paa linapoezekwa badala ya kusubiri pesa za mapambo.

Pale mashimo ya uchunguzi yalipoonyesha maji yaliyokwama, unahitajika mfereji uliofunikwa, yaani handaki lililochimbwa kando ya msingi, likawekwa bomba lenye matundu la kipenyo cha milimita 100, likazungukwa na kokoto safi na kuvikwa kitambaa cha kuchujia kinachoruhusu maji na kuzuia chembe za udongo. Bomba hilo hulazwa kwa mteremko wa karibu milimita 10 kwa kila mita moja, na mwisho wake lazima ufike mahali palipo chini zaidi, pasipomwaga maji kwa jirani. Bila njia ya kutokea, mfereji huo hugeuka kuwa birika la kuhifadhi maji kando ya nyumba. Shimo la majitaka na shimo la kufyonzea maji yake viwekwe upande wa chini wa mteremko na mbali na msingi kadiri kiwanja kinavyoruhusu, kwa kuwa udongo mweusi haufyonzi haraka na maji hayo hurudi kutafuta njia iliyo rahisi.

Kuta za msingi

Zege la msingi na kuta zinazopanda kutoka humo hadi kimo cha sakafu hukaa ardhini maisha yote ya nyumba, kwa hiyo jiwe litumikalo hapo liwe gumu na zito kuliko lile la kuta za juu. Jiwe zuri hulia kwa sauti kali linapogongwa kwa nyundo, wala halinywi haraka maji yaliyomwagiwa. Jiwe laini linalomomonyoka kwa ukucha lisikubaliwe chini ya ardhi hata likiwa rahisi kwa bei. Viungo kati ya mawe vijazwe saruji kabisa, kwa kuwa kiungo chenye pengo ni njia ya maji iliyojengwa kwa mkono.

Uso wa nje wa ukuta wa msingi hupigwa plasta laini ya saruji na mchanga, kisha ukikauka hupakwa rangi nzito ya lami mara mbili, mpako wa pili ukipita kinyume cha wa kwanza ili matundu ya brashi yasilingane. Baada ya hapo handaki hujazwa murramu au kokoto kwa matabaka yanayoshindiliwa moja baada ya jingine, wala udongo mweusi uliochimbwa hapo usirudishwe, kwa sababu utatanuka na kuusukuma ukuta, na vilevile utaubana unyevu dhidi ya lami. Kosa la kurudisha udongo huo, ama nje ya ukuta ama ndani chini ya sakafu ili kuokoa nauli ya lori, hujitokeza mvua za kwanza zinapofika.

Matabaka chini ya sakafu

Sakafu ya chini hujengwa kwa matabaka yenye mpangilio maalumu, na kila tabaka lina kazi inayolitegemea lililotangulia. La kwanza ni mawe magumu yaliyovunjwavunjwa, yenye unene wa milimita 200 hadi 300, yaliyoshindiliwa kwa mashine kwa matabaka mawili; mawe hayo yawe safi, maana yakichanganywa na udongo, nafasi pana zinazokata mfyonzo huzibwa na faida yake kupotea. Juu yake hutandazwa vumbi la mawe kutoka machimboni, unene wa milimita 50, na kushindiliwa hadi uso uwe laini kiasi cha kupitisha kiganja bila kuchomwa, kwa kuwa ncha moja ya jiwe inayochomoza inatosha kuitoboa nailoni itakayolala juu yake wakati vibarua wanapopita na mikokoteni ya zege.

Juu ya vumbi hilo hunyunyizwa dawa ya mchwa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, huku wafanyakazi wakiwa wamevaa glavu na barakoa. Dawa hiyo ina uhusiano na unyevu pia, kwani mchwa hutafuta udongo wenye maji na hupenya katika nyufa na viungo vya zege, wakajenga vichuguu vya udongo vinavyobeba unyevu hadi kwenye milango na makabati.

Kisha hutandazwa nailoni nzito ya geji 1000, yaani yenye unene wa robo ya milimita, ambayo ndiyo DPM, utando wa kuzuia unyevu wa sakafu. Vipande vyake vilaliane kwa milimita 300, na maungio yabandikwe kwa utepe wa kunata usioachia kwa maji. Nailoni nyembamba inayopepea kwa upepo, inayouzwa kwa jina lile lile na wauzaji wasio waangalifu, isikubaliwe, na unene upimwe mlangoni mwa duka kabla ya malipo. Mabomba yote ya maji safi na majitaka yanayopita chini ya sakafu yajaribiwe kwa maji kabla ya kufunikwa, na pale yanapotoboa nailoni, kipande cha ziada chenye tundu lililobana bomba kibandikwe kukizunguka kiungo hicho.

Juu ya nailoni huwekwa waya wa BRC, yaani wavu wa chuma wa kuimarisha zege, uliosimamishwa kwa vijiwe vya zege badala ya vyuma vyenye ncha, kisha humwagwa zege la sehemu 1 ya saruji kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto, lenye unene wa milimita 150 au kadiri mhandisi alivyoandika. Kiasi cha maji katika zege ni jambo la kusimamiwa kwa ukali, kwa sababu maji ya ziada yanapokauka huacha vitundu vingi vya mfyonzo. Kwa mfuko wa kilo 50 wa saruji, lita 25 hivi zinatosha, nazo zipunguzwe ikiwa mchanga umelowa. Fundi anayeongeza maji ili zege litiririke kwa urahisi anajipunguzia kazi ya siku moja na kumwachia mwenye nyumba sakafu yenye vitundu. Zege lililomwagwa hunyweshwa maji kwa siku zisizopungua 7, likifunikwa kwa magunia au nailoni, ili saruji ikamilishe kazi yake ya kuziba.

Vipo pia viungo vya kuzuia maji, vya unga au vya majimaji, vinavyochanganywa na zege kwa kipimo cha kila mfuko. Viungo hivyo hupunguza upenyaji wa maji katika zege zuri, lakini haviokoi zege baya wala havichukui nafasi ya nailoni, kwa kuwa haviwezi kuziba ufa utakaotokea baadaye.

Mahali sakafu inapokutana na ukuta

Nyumba nyingi zenye unyevu zina nailoni nzuri chini ya sakafu na zina DPC nzuri ukutani, lakini viwili hivyo havikuunganishwa, na maji yakapita katika nafasi ya vidole viwili iliyobaki kati yake. DPC ni tabaka lisilopitisha maji linalolazwa katika upana wote wa ukuta, kwa kawaida karatasi nene ya lami inayouzwa kwa mikunjo, nalo hukaa kwenye kimo kisichopungua milimita 150 juu ya ardhi ya nje, ili matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yasiweze kulivuka.

Kazi ya mahali hapo hufanywa kwa utaratibu ufuatao. Kilele cha ukuta wa msingi husawazishwa kwa saruji laini, sehemu 1 kwa 3 za mchanga, mpaka kusiwe na kijiwe kinachochomoza. Nailoni ya sakafu hupandishwa kando ya uso wa ndani wa ukuta huo na kulazwa juu ya kilele hicho. DPC hutandazwa juu yake katika upana wote wa ukuta, ikiacha kingo zake zionekane pande zote mbili, na pale mkunjo unapokwisha, unaofuata huulalia kwa milimita 150. Katika pembe za nyumba na katika makutano ya kuta za ndani, karatasi hukatwa na kulaliana kikamilifu, wala haiachwi ikutane ncha kwa ncha. Kuta za vyumba vya ndani zihesabiwe pia, kwa sababu fundi aliyezizungushia DPC kuta za nje pekee amewaachia wakazi unyevu wa katikati ya nyumba, ambao hauna jua wala upepo wa kuukausha.

Kisha huja kosa la mwisho, la plasta. Ukuta wa nje unapopigwa plasta kutoka juu hadi ardhini bila kukatizwa, plasta yenyewe inakuwa daraja: maji hupanda ndani yake, hupita mbele ya ukingo wa DPC na kuingia katika jiwe lililo juu yake, na DPC iliyolipiwa hubaki bila kazi. Ni sharti plasta ikatwe kwa mstari ulio wazi kwenye kimo cha DPC, sehemu ya juu ikiishia hapo na sehemu ya chini ikiwa plasta ya msingi iliyopakwa lami, na hali kadhalika ndani ya nyumba plasta isiguse zege la sakafu kabla ya kuwekwa ubao au kigae cha chini ya ukuta.

Kuta zinazozikwa

Nyumba iliyokatwa ndani ya mteremko, au yenye chumba cha chini, hukutana na maji yenye msukumo, na rangi ya lami peke yake haitoshi. Ukuta huo hufunikwa kwa utando mzito wa lami, unaochomelewa kwa moto kwenye zege kavu lililopakwa kiandalizi, kisha hulindwa kwa bamba au ukuta mwembamba dhidi ya mawe ya kifusi, na nyuma yake huwekwa kokoto na bomba la kutolea maji lililoelezwa hapo juu. Utando huo huwekwa upande wa nje, unakotoka msukumo, ili maji yaugandamize dhidi ya ukuta. Ukipakwa ndani, maji huusukuma ubanduke. Kazi hii si ya kujaribiwa na fundi asiyewahi kuifanya.

Kuhusu kutenga joto

Vitabu vya ujenzi vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini hutumia kurasa nyingi kueleza mbao za povu zinazowekwa chini ya sakafu na kando ya msingi, kwa sababu huko ardhi huganda wakati wa baridi na joto la nyumba hupotelea chini. Mugutha, iliyo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haina ardhi inayoganda, na mwenye bajeti ndogo anafaa kuzitumia pesa hizo kwa nailoni nzito, mawe safi na mifereji. Hata hivyo miezi ya Juni hadi Agosti ina baridi na mawingu, na sakafu huwa baridi kiasi kwamba hewa yenye mvuke wa jikoni na bafuni ikiigusa hugeuka matone, na matone hayo hudhaniwa kuwa maji ya ardhini. Mwenye chumba cha mtoto au cha mzee anayetaka sakafu yenye uvuguvugu anaweza kulaza ubao mgumu wa povu wa milimita 25 hadi 50 juu ya nailoni kabla ya zege, uliotengenezwa kubeba uzito, lakini kwa nyumba nyingi madirisha yanayofunguliwa na matundu ya hewa juu ya ukuta hutosha.

Kupima na kutunza

Tofauti kati ya maji ya ardhini na matone ya hewa hupimwa kwa urahisi. Kipande cha nailoni angavu, karibu nusu mita kila upande, hubandikwa sakafuni kwa utepe kingo zote na kuachwa kwa saa 16 au zaidi: maji yakionekana chini yake, sakafu bado inatoa unyevu, yakionekana juu yake, chanzo ni hewa ya chumba. Kipimo hicho kifanywe kabla ya kubandika vigae au kulaza mbao, kwa kuwa hata sakafu nzuri kabisa hubaki na maji yake ya kuchanganyia, na desturi ya wajenzi ni kuipa karibu mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene.

Baada ya kuhamia, kazi kubwa ni kutoruhusu DPC izikwe. Bustani ya maua iliyolundikwa udongo dhidi ya ukuta, kabro iliyotandazwa juu kuliko ilivyochorwa, au ngazi ya zege iliyoongezwa mlangoni huinua ardhi hadi juu ya DPC na kuurudisha unyevu ndani ya nyumba ambayo miaka ya mwanzo ilikuwa kavu. Gata zisafishwe kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, na kila mfereji uliofunikwa umwagiwe ndoo kadhaa za maji ili kuona kama yanatoka upande wa pili.

Kwa kuwa karibu kila hatua ya kinga hii hufunikwa na inayofuata, mwenye nyumba anapaswa kukubaliana na fundi kwa maandishi kuhusu vituo vinne ambavyo kazi haitaendelea kabla hajakagua na kupiga picha: handaki la msingi likiwa wazi hadi kwenye tabaka gumu, ukuta wa msingi ukiwa umepakwa lami kabla ya kujazwa, nailoni, maungio na mabomba kabla ya zege, na DPC katika kuta zote, za nje na za ndani, kabla ya jiwe la kwanza la juu yake kulazwa. Malipo ya kila awamu yafungamanishwe na vituo hivyo, na picha zihifadhiwe pamoja na michoro iliyoidhinishwa, ili yeyote atakayeirekebisha au kuinunua nyumba hiyo baadaye ajue kinga imepita wapi, asije akaitoboa kwa kutojua.